Gemu nimeilipia, mbona kila nikitaka kucheza nipige hodi kwa seva ya ng'ambo?

#1 – Mwenye uzi, Lamu

Assalaam alaykum wanajukwaa, na habari za usiku kwa wote.

Naandika kutoka Mkomani, Amu. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu na leo nimeona nilitoe, kwa sababu najua humu ndani kuna wacheza gemu wa kompyuta kutoka pwani yote.

Laptopu yangu niliinunua Mombasa, ya mkono wa pili, ina kadi nzuri ya picha. Ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, na kutoka Mokowe nikaivusha kwa boti nimeipakata kama mtoto mchanga, nimeizungushia kipande cha turubai isirukiwe na maji ya chumvi. Nikadunduliza, nikanunua gemu moja niliyokuwa nikiitamani kwa miaka. Si ya flashi, si ya kreki, yaani nakala iliyovunjwa kufuli la kuzuia wizi. Nimelipa kwa kadi ya M-Pesa na risiti ninayo kwenye barua pepe mpaka leo.

Gigabaiti 60. Anayekaa Amu anajua maana yake. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, kuta nene, mtandao hauingii ndani. Nilikuwa nikipanda darini na simu, naiegemeza kwenye tundu la ukuta linaloangalia Manda, nawasha hotspoti, nalala pale pale na mbu wangu. Usiku nne za bando la usiku. Usiku wa nne ikakamilika.

Sasa sikilizeni. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Mnakumbuka siku zile. Kenya nzima mtandao ulikuwa unatambaa, na huku kwetu ujumbe wa WhatsApp ulikuwa ukienda kwa kusukumwa. Nikasema, basi, ndizo siku za kucheza hizi. Gemu yenyewe ni ya mtu mmoja: shujaa, farasi wake na msitu. Hakuna wa kushindana naye, hakuna wa kuzungumza naye. Yote iko ndani ya diski yangu.

Nikaifungua. Kidude kikazunguka. Halafu maandishi: imeshindikana kuunganisha, jaribu tena baadaye. Nikajaribu tena. Nikapanda darini, nikajaribu huko. Siku mbili.

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amekaa ubavuni mwangu kwa hamu. Akashuka kwenda kwa jirani, ambako kijana wa pale ana gemu ile ile, kajaziwa kwenye flashi, kreki. Ilifunguka palepale. Mtoto akarudi akaniuliza, "Mjomba, hii yako ni mbovu?"

Ndugu zangu, sikuwa na la kumjibu. Jirani hajalipa shilingi kwa waliotengeneza, anacheza. Mimi nimelipa kamili, nasubiri waya urekebishwe baharini. Kampuni yenyewe sitaitaja, maana nia yangu si kumchafua mtu mmoja. Tabia hii imeenea.

Na haikuanza jana. Novemba 2004 Valve ilipotoa Half-Life 2, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kufungua akaunti ya Steam, jukwaa la mtandaoni la Valve yenyewe, na kuiamilisha gemu kwa intaneti kabla ya kucheza. Watu walilalamika sana, kisha wengi wakazoea. Mwaka 2010 Ubisoft ikaenda mbali zaidi: Assassin's Creed II ya kompyuta ilitaka mtandao muda wote unaocheza. Mtandao ukikatika, gemu inasimama. Machi mwaka huo huo seva zao zikashambuliwa, na waliolipa wakafungiwa nje. Mwaka 2012 kampuni ikasema hadharani imeachana na sharti hilo. Mei mwaka huo huo Diablo III ya kampuni nyingine ikatoka, nayo ikitaka mtandao muda wote, na watu wengi usiku wa kwanza hawakuona kitu ila Error 37, ujumbe wa seva kulemewa.

Inayoniuma zaidi ni SimCity ya Machi 2013. Mtu anajenga mji wake peke yake, lakini lazima awe mtandaoni. Seva zikalemewa siku za mwanzo, watu wakasubiri foleni kuingia kwenye mji wao wenyewe. Wakaambiwa sehemu ya hesabu za mji hufanyika kwenye seva, si rahisi kuziondoa. Machi 2014 likatoka sasisho la kucheza bila mtandao. Yaani iliwezekana.

Sisemi kila gemu iache mtandao. Ya kushindana na watu duniani lazima iwe na seva, hilo halina ubishi. Nasema hii ya mtu mmoja, niliyoilipia, iliyo ndani ya nyumba yangu. Hapa Amu mafundi wetu wanachonga milango inayosifiwa dunia nzima. Fundi akishalipwa anakukabidhi mlango na komeo lake, anakwenda zake. Hakai barazani kwako na ufunguo, kila ukitoka msikitini umwombe akufungulie.

Nyinyi mnaonaje?


#2 – Mchangiaji, Malindi

Sheikh, umenigusa. Mimi ni wa zamani kidogo, nilianza wakati gemu zinakuja kwenye boksi na kitabu chake. Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia, na kila akirudi likizo alikuwa na moja au mbili kwenye begi. Ninazo mpaka leo. Nimeziweka kwenye sanduku la nguo na kafuri, hazina mkwaruzo.

Niliponunua kompyuta yenye Windows 10 nikasema niwaonyeshe wanangu tulichokuwa tukicheza. Diski ikaingia, ikasakinishwa vizuri, namba ya nyuma ya kitabu ikakubali. Nabonyeza kufungua, kimya. Nikadhani kompyuta, nikahangaika nayo wiki nzima, nikafuta, nikasakinisha upya. Mwisho nikaja kufahamu: diski zile zilikuwa na kufuli linaloitwa SafeDisc, na kufuli hilo linategemea kipande cha programu kinachoingia ndani kabisa ya Windows. Microsoft ilipotoa Windows 10 mwaka 2015 ikakataa kukibeba, kwa sababu kilikuwa tundu la usalama. Uamuzi wa Microsoft siulaumu. Lakini angalia: gemu nzima, diski nzima, kilichokufa ni kufuli tu, na limekufa mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo huko kwenu Amu shida ni mtandao. Mimi hata mtandao sikuuhitaji.


#3 – Mchangiaji, Mombasa

Niruhusuni nilete upande wa pili. Mimi natengeneza programu, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nalisema hili kwa uchungu wa kweli.

Gemu kubwa inachukua miaka kutengenezwa, watu mamia wanalipwa mshahara kila mwezi kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Sehemu kubwa ya pesa inaingia wiki za mwanzo. Ndiyo maana kampuni zinanunua kufuli la Denuvo, lile la Austria lililoanza kutumika 2014 na FIFA 15. Hawatarajii kufuli lisimame milele. Wanataka lisimame mwezi, miezi miwili, wakati soko lina moto. Baadaye wengine huliondoa wenyewe. Doom ilitoka Mei 2016, na kufika Desemba walikuwa wameshaliondoa.

Na tuseme ukweli wetu. Hapa mjini mtu anaingia kibandani na flashi, anajaziwa gemu, analipa mwenye kibanda. Aliyekesha miaka mitatu akiandika ile gemu hapati kitu. Mwenye uzi ameeleza ya jirani yake vizuri kabisa. Sasa kampuni ikiona hayo, ifanye nini?


#4 – Mwenye uzi, Lamu

Ndugu wa Mombasa, ahsante kwa kusema bila matusi. Swali lako ni la haki na nitalijibu.

Kwanza, wizi ni wizi. Sijamtetea jirani na sitamtetea. Lakini kampuni inatufanyia ile ya samaki mmoja akioza wote wameoza, na anayeshikwa kwenye wavu ni yule aliyekuja na pesa mkononi. Chukua Spore ya Septemba 2008. EA iliiwekea kufuli la SecuROM na ruhusa ya kuiamilisha mara tatu tu. Ukibadilisha kompyuta mara tatu, uombe. Kreki yake ilikuwa imeshavuja kabla ya siku ya kuuzwa. Aliyeiba hakuhesabiwa mara ngapi, aliyenunua ndiye aliyehesabiwa. Wanunuzi wakajaa kwenye Amazon kuipa nyota moja moja kwa maelfu, wengine wakaenda mahakamani, na kampuni ikapandisha hesabu ikawa tano. Tano! Kana kwamba shida ilikuwa namba.

Pili, kufuli lenyewe linakula nguvu ya mashine. Mwaka 2021 Resident Evil Village ilipovunjwa, waliopima wakakuta toleo la kreki linakwenda laini, na la kununua linakwamakwama kwenye sehemu fulani za mapigano. Capcom ikatoa sasisho Julai mwaka huo kulirekebisha. Mimi mwenye laptopu ya mkono wa pili, inayopumua kama punda wa Matondoni akipanda na mawe, kila tone la nguvu nalihesabu. Kwa nini lingine liende kwenye kunilinda mimi na mimi mwenyewe?

Sasa swali lako: wafanye nini? Angalia Poland. Miaka ya 1990 kreki zilikuwa zikiuzwa sokoni waziwazi kama nyanya. Vijana wa CD Projekt walipotaka kuuza Baldur's Gate mwaka 1999, hawakutafuta kufuli kali zaidi. Waliifasiri kwa Kipolandi, wakaajiri waigizaji wanaojulikana kwao watie sauti, wakaweka ramani na vitu vingine ndani ya boksi. Watu wakanunua. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2008 ikafungua duka la GOG, linalouza gemu bila kufuli lolote. Na The Witcher 3 yao ya mwaka 2015 ilitoka kwenye kompyuta bila kufuli tangu siku ya kwanza, na mwaka 2023 walitangaza imepita nakala milioni 50 kwenye mashine zote. Haikuwa na kufuli la kuvunjwa, na bado watu walilipa.

Kaka, lini umeona gemu kubwa imetiwa sauti kwa Kiswahili? Sisi tunaoongea lugha hii ni mamilioni mangapi? Wangetuuzia kitu kinachomzidi mwenye flashi, kwa lugha yetu na bei yetu, mpwa wangu asingekuwa na haja ya kushuka kwa jirani.


#5 – Mchangiaji, Malindi

Mimi ni dada wa Malindi, mcheza gemu kama nyinyi, na nataka kuongeza jambo ambalo kaka zangu wamelipita. Tunacholazimishwa si mtandao peke yake. Ni akaunti, na akaunti ina nchi.

Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 na nikainunua Steam kama kila mtu. Hii ni ya kushirikiana, mtandao ni lazima na sina neno. Mwanzoni mwa Mei likatoka tangazo: kila mchezaji wa kompyuta aunganishe akaunti ya PlayStation Network ya kampuni ya Sony, asipofanya hivyo hatacheza. Sasa PlayStation Network haina Kenya kwenye orodha ya nchi zake. Sisi sote huku wenye akaunti hiyo tumejiandikisha kama watu wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Nchi zaidi ya 170 zilikuwa hivyo, na gemu ikaondolewa dukani katika nchi hizo.

Kaeni na hilo kidogo. Nimeuziwa kihalali, kwa pesa ya Kenya, nikiwa Kenya. Miezi mitatu baadaye naambiwa nidanganye ninakoishi ili niendelee. Na sheria za akaunti zinakataza kudanganya. Wachezaji waliandika maoni mabaya zaidi ya laki mbili kwa siku chache tu, na kampuni ikarudi nyuma kabla ya wiki kwisha. Nilifurahi, lakini sikusahau. Waliofanya sharti lile hawakuwa na nia mbaya na Malindi. Malindi haikuwapitia akilini kabisa, na mimi hilo ndilo linaloniumiza.


#6 – Mchangiaji, Mombasa

Dada, hilo nakubali kabisa, halina utetezi. Na mwenye uzi, ya Poland imeniingia.

Lakini nikuulize: mbona Steam huisemi? Nayo ni jukwaa la lazima. Ulianza na Half-Life 2 halafu ukaiacha njiani.


#7 – Mwenye uzi, Lamu

Sijaiacha, nilikuwa napumua.

Steam naitumia na nitasema wema wake: bei za msimu zinashuka hata sisi tunafikia, na kuna hali ya nje ya mtandao. Watu walioikataa 2004 waliikubali baadaye kwa sababu iliwapa kitu. Lakini kinachonitia hofu ni kingine, na hapa naomba wazee wa humu wanisaidie kufikiri.

Babu yangu aliacha bao. Mti wa mkoko mzito, mashimo yamelainika kwa vidole mpaka yanang'aa, na shimo moja la nyumba lina ufa alioutia gundi mwenyewe. Alipofariki, kwenye mirathi, bao lilitajwa pamoja na saa yake na vitabu. Likaenda kwa ami yangu. Ami analicheza Mkunguni mbele ya ngome mpaka leo, na atakapoondoka litakwenda kwa mwingine.

Akaunti yangu ya Steam ina gemu 40 na ushei. Masharti yake yanasema akaunti haihamishiki kwa mtu mwingine, na mwaka 2024 walipoulizwa kuhusu wosia walijibu hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi nikifa, yule mpwa wangu hana haki yoyote kwenye gemu 40 nilizolipia. Nitakuwa sikuacha kitu. Na wanaujua ukweli huo, maana California ilipopitisha sheria Septemba 2024 kwamba muuzaji asiseme "nunua" bila kueleza kuwa ni leseni, Steam ikaweka maneno hayo kwenye ukurasa wa malipo: unachonunua ni leseni. Niliyasoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshatumia pesa zangu zote hizo.


#8 – Mchangiaji, Malindi

Huyu ni yule mzee wa diski tena. Umetaja kufa, basi niseme ya The Crew.

Gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014. Ilikuwa na hadithi ya kucheza peke yako, unaendesha gari kuvuka Marekani nzima, lakini yote ilipitia seva zao. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva. Gemu ikafa yote, pamoja na sehemu ya mtu mmoja, kisha wakaiondoa hata kwenye maktaba za walionunua. Wenye diski mkononi wamebaki na kioo cha kujitazamia.

Hapo ndipo Ross Scott, mtengeneza video wa Marekani, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Hawadai seva ziwashwe milele. Wanadai kitu kidogo sana: kampuni ikitaka kuondoka, iiache gemu katika hali ya kuweza kuchezwa. Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni 1. Sisi hatukuweza kutia sahihi, si raia wa huko. Lakini wakishinda kule, gemu ni zile zile tunazocheza huku, na sioni kampuni ikitengeneza toleo la kuishi la Wajerumani na la kufa la Wakenya. Nawaombea dua kwa dhati.


#9 – Mchangiaji, Lamu

Niko Langoni, nasoma tu kila siku, leo naandika. Mwenye uzi, mimi nataka kununua kihalali lakini hali ya mtandao unaijua. Nifanye nini ili yasinikute yaliyokukuta?


#10 – Mwenye uzi, Lamu

Jirani yangu, karibu. Nitakwambia ninavyofanya sasa.

Kabla ya kulipa, shuka chini kwenye ukurasa wa gemu. Steam huandika pembeni kama ina Denuvo au inataka akaunti ya kampuni nyingine. Gemu ya mtu mmoja inayotaka mtandao muda wote siinunui tena, hata wakiishusha bei iwe robo.

Ukinunua Steam, ipakue yote, iache ijisasishe mpaka mwisho, ifungue mara moja ukiwa na mtandao, ndipo uweke hali ya nje ya mtandao. Usisubiri mtandao ukatike ndio uanze kuitafuta, utakuwa umechelewa. Na usiishie kuamini: zima data, fungua tena, uone kwa macho yako.

Ikiwa gemu iko GOG, chukua kule. Ingia kwenye tovuti yao, tafuta faili za usakinishaji wa nje ya mtandao. Gemu kubwa huja vipandevipande vya gigabaiti nne hivi, na hilo kwetu ni rehema, kwa sababu kipande kimoja kinatosha kwa bando la usiku mmoja, kingine kesho. Vyote vikitimia vihifadhi kwenye diski ya nje. Hapo hata akaunti ikifungwa, hata duka likifa, ile faili inasakinishika.

Jana usiku nimefanya hivyo na gemu yangu mpya. Nimechomoa waya wa ruta, nimezima data ya simu, nikampa mpwa wangu abonyeze mwenyewe. Imefunguka.

Na diski yenyewe, usiiweke wazi. Chumvi ya huku inakula milango ya waya kabla ya mwaka. Yangu nimeitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukikosa, pita kwangu Mkomani, ninavyo vingi.